Tekla Alipokwenda Kuhani

Alichokuwa akikitafuta Tekla ni mahali pa kulala tu. Kumdanganya mtu hakukupanga.

Bagamoyo palikuwa na kongamano la wazazi wanaowasomesha watoto wao nyumbani. Watu hao ni wachache na wametawanyika, na mwaka huo walikuwa wamekodi ukumbi wa hosteli moja karibu na pwani ili wakutane siku tatu. Wangebadilishana vitabu, wangewasikiliza walimu, wangeulizana namna ya kumwandikisha mtoto mtihani bila kupitia shule. Tekla aliliona tangazo kwenye simu, na tangu hapo hakulala vizuri. Binti yake, Clara, alikuwa na kigugumizi. Darasa la tatu wenzake walimwigiza mpaka akaacha kusema kabisa, na siku moja mwalimu naye akacheka pamoja nao. Tekla akamtoa. Kuanzia siku ile akawa anamfundisha mwenyewe sebuleni, kwenye nyumba yao ya Lugoba, huku mumewe, Amedeus, akiendesha lori la kokoto. Sauti ya mtoto ilikuwa imeanza kurudi. Lakini hesabu za sehemu ziliwashinda wote wawili, mama na mwana, na majirani hawakuchoka kusema kwamba mtoto yule anafugwa kama kuku. Tekla alitamani akae, japo mara moja, na watu wasiomwuliza kwa nini.

Amedeus alimtafutia nauli na ada ya kuingilia. "Ya kulala sina, mama Clara," alimwambia. "Labda kama una mtu huko."

Mtu alikuwa naye, ila mtu mwenyewe alikuwa hatazamiki usoni.

Tekla alisoma sekondari Bagamoyo, msichana wa Kikatoliki aliyetoka bara, mbali na kwao, asiye na ndugu mjini. Rafiki yake wa dawati moja alikuwa Wahida, mtoto wa mji mkongwe, na mama yake Wahida, Bi Zaina, alimchukua Tekla kama aliyemzaa. Jumamosi na Jumapili alikuwa kwake. Alipougua malaria ni Bi Zaina aliyemkandakanda kwa maji usiku kucha. Mwezi wa Ramadhani Bi Zaina alimwamsha Tekla ale daku pamoja na wengine ingawa hakuwa akifunga, akisema, "Amka, mwanangu. Hulali na njaa nyumba ambayo watu wanakula."

Bi Zaina alifariki mwaka uliopita. Wahida alimpigia Tekla kabla hata ya kuwapigia baadhi ya ndugu. Kutoka Lugoba hadi Bagamoyo si safari ya kumtisha mtu. Wapo wanaokwenda na kurudi siku hiyohiyo. Tekla alisema anakuja kesho. Kesho yake akasema Clara ana homa. Clara hakuwa na homa. Ulikuwa mwisho wa mwezi, mkononi hana kitu, na aliona haya kuingia msibani mikono mitupu. Ikapita hitima, ikapita arobaini. Kila siku iliyopita ilifanya simu ya pili kuwa nzito kuliko ya kwanza, mwisho akaacha kupiga.

Sasa akapiga.

"Wahida, shoga yangu, nakuja kukuhani. Nimechelewa, najua. Nataka nije nikae nawe siku mbili tatu, tumlilie mama pamoja."

Upande wa pili Tekla alisikia mtu anapenga kamasi.

"Njoo," Wahida alisema. "Njoo, Tekla. Watu walinambia umetutupa, mimi nikasema atakuja. Si umeona? Nilisema utakuja."

Tekla alikata simu akiwa mwepesi kama aliyetua mzigo. Alijiambia kwamba hakusema uongo. Kuhani atahani kweli. Ni safari moja tu imefunga shughuli mbili. La kongamano hakulitaja. Aliona likitajwa litaharibu.

Alifika Alhamisi jioni. Alidhani atamkuta Wahida peke yake, lakini sebuleni alimkuta pia Bi Shamsia, mdogo wake marehemu, aliyefunga nyumba yake Mbegani akaja kumpokea.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Njoo nikushike." Bi Shamsia alimshika uso kwa mikono miwili. "Dada alikuwa akikutaja mpaka mwisho. Mwanangu wa bara, mwanangu wa bara. Mungu akulipe kwa kuja."

Walikuwa wamempikia samaki wa kupaka. Baada ya chakula Wahida alimwongoza hadi chumba cha ndani, akawasha taa. Kitanda kilikuwa cha Bi Zaina, kimetandikwa shuka jipya.

"Hajakilalia mtu," Wahida alisema. "Nimesema wa kwanza awe wewe."

Hapo Tekla angeweza kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini Wahida alikuwa amechoka, macho yamemwiva, na Tekla akajiambia kesho. Alilala ukingoni mwa kitanda, kama mtu aliyekodi nafasi kidogo tu.

Asubuhi ya Ijumaa alisema anakwenda misheni kumsalimia sista mmoja aliyemfundisha zamani. Wahida alimjibu kwamba ni vyema, na dini yake nayo ina haki yake. Akamwekea vitumbua sahani nzima. Tekla alikula viwili, akasema ameshiba, na Wahida alipogeuka akavifunga vingine kwenye kitambaa akavitia mkobani, maana chakula cha mchana ukumbini kilikuwa cha kulipia. Alivila mchana ule nyuma ya hosteli, amesimama, akitazama ukuta.

Kongamano lenyewe lilimfaa kuliko alivyotarajia. Mama mmoja wa Kigamboni alimwonyesha namna ya kufundisha sehemu kwa kumenya chungwa na kuhesabu vipande vyake, na Tekla akahisi mlango umefunguka kichwani. Baba mmoja alikuwa na mtoto mwenye kigugumizi kama Clara. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Alirudi jioni amechangamka, na Wahida alipomwuliza hali ya sista, ilimchukua muda kukumbuka ni sista gani.

"Hajambo," alisema. "Amezeeka tu. Kesho ameniomba nirudi."

"Nenda, lakini alasiri uwe hapa," Wahida alisema. "Kwa kuwa umekuja, tumeona tumsomee mama hitima ndogo. Ndugu yetu Nadhira anakuja kutoka Pangani. Nimemwambia Tekla yupo, akasema basi kesho napanda basi."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya nani mwingine?"

Jumamosi kabla ya chakula cha mchana kilikuwepo kipindi cha kubana matumizi. Kiliongozwa na Mwalimu Ferdinandi, mtu wa Dar mwenye sauti ya kuuzia sabuni. Aliwafundisha kuazimana vitabu, kuchapisha mazoezi kwa pamoja, kusafiri kwa makundi. Kisha akainua tufe la dunia, kubwa, linalozunguka, bahari zake za buluu iliyokoza.

"Hili ni la mzazi aliyefika hapa kwa gharama ndogo kuliko wote," alisema. "Lakini atusimulie alivyofanya, na sisi tujifunze."

Tekla alilitazama lile tufe akamwona Clara akilizungusha kwa kidole. Ukumbini walisimama wawili watatu. Mmoja alipewa lifti, mwingine alilala kwa shemeji. Watu walipiga makofi ya adabu. Tekla akainua mkono.

"Mimi nimelala bure na nimekula bure," alisema, "na kitanda nimepewa cha mwenye nyumba mwenyewe."

Watu wakacheka. Hakuwa amezoea kuchekewa kwa wema, na kicheko kile kilimpanda kichwani kama tembo la mnazi.

"Umefanyaje, mama?" Mwalimu Ferdinandi aliuliza.

"Nilikuwa na msiba wa mwaka jana sijauhani. Nikawaza, kumbe msiba nao una chumba! Nikampigia rafiki yangu, nikamwambia nakuja tulie pamoja." Alingoja kidogo, kama wafanyavyo watu wanaojua kusimulia. "Basi akaanza kulia yeye hata sijapanda gari."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mama wa Kigamboni alipiga meza. Na Tekla, akicheka pamoja nao, aligeuza macho upande wa mlango wa nyuma.

Wahida alikuwa amesimama pale. Yeye na jirani yake Ashura walikuwa wamelishika sufuria la pilau, huyu sikio hili, yule sikio lile. Wahida alikuwa mpishi wa shughuli, hilo Tekla alilijua; asilolijua ni kwamba mpishi wa kongamano aliugua asubuhi ile, na wenye hosteli wakamkimbilia Wahida dakika chache baada ya Tekla kuondoka. Wahida hakuangusha kitu. Alisema neno dogo kwa Ashura, wakalitua sufuria juu ya meza polepole. Akaurekebisha ushungi wake. Akaanza kupanga sahani.

Makofi yalikuwa bado yanalia. Mtu alimsukumia Tekla tufe mikononi. Lilikuwa jepesi, tupu ndani.

"Na mshindi wetu leo anakula bure vilevile!" Mwalimu Ferdinandi alipaza sauti. "Mpisheni, mpisheni mbele!"

Walimpisha. Tekla angetoa chochote wasimpishe. Alijikuta wa kwanza kwenye mstari, tufe kwapani, mbele yake Wahida na upawa.

"Wahida," alisema.

"Karibu. Nyama au kuku?"

"Wahida, nisikilize."

"Nyama au kuku, mama? Watu wanangoja."

Walijuana tangu wasichana. Wahida hakuwahi kumwita mama.

"Nyama," Tekla alisema.

Wahida alimpakulia vizuri, vipande vinono, kachumbari pembeni, akageukia aliyefuata. Tekla alikaa na sahani ile mapajani mpaka ikapoa. Watu walikuja kumpongeza. Mmoja alitaka kupiga naye picha.

Chakula kilipokwisha Tekla alimfuata uani kwenye bomba, ambako Wahida alikuwa akisugua sufuria amekunja mikono ya gauni. Ashura alipomwona aliondoka bila kuambiwa.

"Nimekosa," Tekla alisema. "Sijui nilipatwa na nini pale ndani. Nilikuwa nachekesha tu."

Wahida aliendelea kusugua.

"Ungesema tu," alisema baadaye. "Hilo ndilo silielewi. Ungenipigia ukasema, Wahida, nina mkutano, sina pa kulala. Nani angekunyima? Mimi? Ningekwambia njoo, na watu wa mkutano wako uje nao."

"Niliona haya. Sikuja kwenye msiba, halafu nije niombe kitanda?"

"Ukaona haya kuomba kitanda, hukuona haya kuniliza."

Maji yalimwagika yakapita kati ya miguu yao yakielea mafuta.

"Nitawaambia," alisema. "Nitamwambia mama mdogo, na Nadhira, na wote. Nitawaomba radhi mbele ya kila mtu."

Hapo Wahida aliinua uso. "Hutamwambia mtu yeyote. Mama mdogo jana amelala usingizi. Anazunguka mitaani anawaambia watu, mwanawe dada kaja kutoka bara, hakutusahau. Unataka kumwambia nini? Ili wewe upumue, yeye arudi kukesha?" Aliligeuza sufuria kifudifudi. "Alasiri utakuja. Utajifunika kanga, utakaa, utapokea mkono wa kila mmoja, na utakaa kimya. Hiyo ndiyo kodi ya chumba."

Tekla alitembea mjini na lile tufe kifuani, kwa kuwa halikuenea kwenye mfuko wowote. Watoto walimfuata wakitaka kuligusa. Kila aliyemsalimia alimwitikia huku ameinamisha kichwa. Alitamani kulitupa, akamkumbuka Clara, hakulitupa.

Wanawake walikuwa wamekwisha kukaa, mikeka imetandikwa, ubani unafuka. Bi Shamsia aliona tufe akashangaa.

"Na hiyo nini, mwanangu?"

"Zawadi ya mtoto wake," Wahida alijibu kutoka mlangoni kabla Tekla hajafungua kinywa. "Anamsomesha mwenyewe nyumbani. Ana moyo sana."

"Mashallah," Bi Shamsia alisema, na wote wakamtazama Tekla kwa upole ambao ulimchoma kuliko tusi.

Walisoma. Tekla hakuyajua maneno, lakini sauti alizijua. Zilikuwa zilezile alizozisikia ujanani kupitia ukuta wa chumba alicholala sasa. Nadhira wa Pangani, mwanamke mnene aliyevimba miguu kwa safari, alikuja kukaa ubavuni mwake akamshika mkono wakati wote wa dua. Baada ya dua Bi Shamsia akasema, "Tekla, na wewe tuambie kidogo. Wewe ulimjua dada kwa namna yako."

Tekla alimtazama Wahida. Wahida alitazama mkeka.

"Alinitunza nilipougua," Tekla alianza. "Nilikuwa naweweseka, nikamwita kwa jina la mama yangu mzazi. Akaitika. Usiku kucha kila nikimwita mama yangu yeye anaitika, naam, mwanangu, nipo." Alitaka kuendelea. Badala yake akasikia mtu analia kwa sauti kubwa, mbaya, isiyo na adabu, kisha akafahamu ni yeye. Mwaka mzima hakuwa amemlilia Bi Zaina. Alimwahirisha, kama alivyoahirisha safari. Sasa alimlilia mbele ya watu, na hakuweza kunyamaza. Bi Shamsia alimvutia kifuani. Nadhira alilia pia. Wanawake waliitana, "Mpeni maji, mpeni maji."

Katikati ya machozi yale alimwona Wahida anamtazama. Ilikuwa sura ya mtu anayetazama mchezo ambao amekwisha kuuona. Kisha Wahida alisimama taratibu, akatoka kwenda jikoni.

Usiku ule Tekla hakulala kitandani. Alitandika kanga chini, na asubuhi akaikunja kabla hajaonekana.

Siku ya tatu ya kongamano hakwenda. Aliosha vyombo vya shughuli, akafagia ua, akamenya vitunguu bila kuombwa. Wahida alimruhusu. Walizungumza habari za vitunguu, bei ya mchele, mvua iliyochelewa. Alipoaga, Wahida alimpa kifurushi cha kashata.

"Ya mtoto," alisema. "Mtoto hana kosa."

"Wahida."

"Gari litakuacha."

Lugoba, Clara alipokea tufe kwa kelele za furaha. Alilizungusha mpaka Afrika ikapita mara nyingi. Kisha, kwa subira ile ambayo mama na mwana walijifunza pamoja, akauliza, "Mama, u-u-umelishinda kwa ku-kufanya nini?"

"Kwa kuzungumza," Tekla alisema.

Clara alimtazama. Kwake yeye kuzungumza ulikuwa mlima wa kila siku, na kwamba mama yake amesimama mbele ya ukumbi mzima, akasema, na watu wakampa dunia, lilikuwa jambo kubwa mno. "Uta-utanifundisha," alisema. Tekla akaenda nje akajitia kuanua nguo.

Amedeus naye alifurahi mwanzoni. "Yaani umetumia nauli tu!" Tekla akamweleza mengine yote. Alisikiliza hadi mwisho, akazima redio. Hakumlaumu, na Tekla alitamani amlaumu.

Wiki hiyo mtu aliweka kwenye kundi la simu la wazazi kipande cha video: Tekla amesimama, mkono kiunoni, anangoja watu watulie ili amalizie lile neno la mwisho. Watu waliweka vikatuni vya kucheka. Aliomba kiondolewe, wakadhani ni unyenyekevu. Mwalimu Ferdinandi alimwandikia kwamba mwakani apewe kipindi kizima cha kubana matumizi. Alimjibu kwamba hataweza, na alipoulizwa sababu aliandika ukweli: kwamba yule rafiki ndiye aliyewapakulia pilau. Hakujibiwa siku mbili. Siku ya tatu video ilifutwa.

Kwa Wahida alipiga kila Ijumaa. Wakati mwingine simu iliita tu. Wakati mwingine ilipokewa, wakaulizana hali, Clara, mama mdogo, basi. Hakuomba radhi tena, maana aliona kuomba kila mara ni kumdai Wahida jibu. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia alipanda gari na Clara, wakaenda, wakamsaidia Bi Shamsia kupika futari, wakarudi jioni ileile. Wahida alikuwa na shughuli ya watu. Walionana mlangoni tu. Clara alimsalimia. Lilimchukua muda neno lile kutoka, na Wahida alingoja, hakummalizia, mpaka likatoka lote. "Marahaba, mwanangu," alisema.

Siku chache baadaye ni Wahida aliyepiga. Alianza na habari za mama mdogo, akapita kwenye bei ya nazi.

"Tekla. Siku ile ya hitima. Ulipolia."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unalia kweli?"

"Kweli."

Kwa mbali, upande wa Wahida, kitu kilikuwa kikichemka na mfuniko wake ukitetemeka. Tekla alingoja, simu imembana sikio.

"Sijui," Wahida alisema hatimaye. "Najaribu kuamini. Siku nyingine naamini, siku nyingine nakusikia unavyowachekesha wale watu."

"Nakuelewa."

"Basi. Futari yangu inaungua," Wahida alisema. "Nipigie Ijumaa."